Duarani bila leseni

Kila polisi wanapovamia machimbo yasiyo rasmi Kanda ya Ziwa, habari huwa ile ile: vijana wametawanyika, makarasha yamezimwa, maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yamefukiwa. Haupiti muda, watu wamerudi. Kilichowapeleka kule hakikuguswa: bei mbaya ya pamba, ng'ombe aliyeuzwa kumtibu mzazi, cheti cha kidato cha nne ambacho hakijawahi kuzaa ajira.

Duarani hakuna mshahara. Anayeshuka kwa kamba hulipwa mgao wa viroba vya mawe, mwenye duara akishachukua chake. Mawe yasipotoa kitu ameshuka bure, na deni la mama lishe linamsubiri juu. Pembeni kinamama, wengine wakiwa na watoto mgongoni, hukoroga zebaki kwenye beseni kwa mikono mitupu. Donge la dhahabu na zebaki linalopatikana huchomwa kwenye jiko la mkaa, wakati mwingine hapo hapo nyumbani. Mvuke wake huharibu mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni hasalimiki. Wengi wamekwishaambiwa. Lakini dhahabu ya leo ndiyo unga wa leo.

Yapo yaliyofanyika bila kirungu, na yamezaa matunda. Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Machi mwaka huo likafunguliwa soko la madini Geita, mengine yakafuata. Aliyekuwa akiuza gizani kwa bei ya mnunuzi akapata mahali pa kupimiwa dhahabu yake huku akiona mizani. Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) nalo lina vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi, vinavyofundisha uchenjuaji usiotegemea zebaki. Ni vizuri, ila ni vichache mno.

Kikwazo kikubwa ni ardhi. Sheria ya Madini ya 2010 inampa Mtanzania leseni ndogo ya miaka saba, lakini maeneo mengi yenye dhahabu yameshashikwa, mengine na watu wasiochimba kabisa. Hayo yafutiwe leseni upesi, yagawiwe vikundi, na kinamama wa mabeseni wawemo kwenye orodha. Benki nazo zikubali leseni ndogo kuwa dhamana. Polisi wawasake wanaoingiza zebaki kwa magendo na matajiri wanaofadhili maduara yasiyo na leseni wakiwa mjini. Kijana mwenye sululu aonyeshwe kwanza pa kuchimba kihalali.