Kaske Ipi Nzuri kwa Muziki, na Ipi kwa Kazi



Tangu ndugu zetu waanze kuleta kaske za bei kubwa kutoka Dubai na Guangzhou, haipiti wiki bila mtu kuingia dispensari akiwa na moja mkononi, kuniuliza kama amenunua vizuri. Kaske ninayoisema ni ile ya kusikilizia muziki. Ile ya kichwani tutaiita kofia ya kazi, tusichanganye mambo.

Jibu langu ni hili. Kaske nzuri ni ile inayokusikilizisha kila kitu huku sauti ikiwa chini, na ambayo unaweza kuivaa saa nzima bila kuisogeza-sogeza. Bei na jina la kiwanda vinakuja baadaye. Sasa nitakuonyesha sababu.

Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu iliyojikunja kama konokono. Humo kuna seli kama 15,000 zenye vinywele vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Sauti ikiingia, vinywele vinatikisika, na mshipa unapeleka habari kwenye ubongo. Kelele kubwa inavilaza vinywele hivyo kama mvua inavyolaza mpunga. Ukivipa mapumziko, vingi vinasimama tena. Ukivipiga kila siku, vinakufa, wala hakuna dawa ya kuviotesha upya, si hapa Kisangani, si Ulaya.

Vinavyokufa kwanza ni vile vya sauti nyembamba. Kwa hiyo mtu anayeanza kuwa kiziwi hajijui. Ngoma ya Lokele iliyo ng'ambo ya mto anaisikia vizuri, kwa maana ni sauti nzito. Lakini ukimwambia "shika", yeye anasikia "-ika" tu, naye anachagua mwenyewe: fika, pika, au sika. Nyumbani hayo ni ya kucheka. Mahali pa kazi, neno "shika" na neno "fika" si jambo moja.

Sasa tulinganishe kaske zenyewe. Nimezijaribu kadhaa za wenzangu jioni, kwa nyimbo za Franco, maana pale kuna magitaa mengi yanayosukana. Kaske mbaya inakupa besi na sauti ya mwimbaji, magitaa yanakuwa uji. Kaske nzuri inalitenga gitaa la mi-solo na lile la solo, hata unajua nani anapiga nini.

Za kwanza ni zile zenye vikombe vilivyo wazi nyuma. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1968, ikaitwa HD 414. Wajukuu zake ni HD 600 ya mwaka 1997 na HD 650 ya mwaka 2003, ambazo wapenda muziki wengi wanazisifu mpaka leo. Uzito wake ni kama gramu 260, mito yake ni ya kitambaa laini, hewa inapita, sikio halitoki jasho hata kwa joto letu. Sauti ya mtu inasikika kama amekaa mbele yako. Kwa masikio yangu, sijasikia nzuri zaidi ya hiyo.

Lakini ngoja umeme ukatike Mangobo, na kila duka liwashe grupu lake. Kaske iliyo wazi inaingiza kelele yote ya nje. Mkono wako, bila wewe kuuambia, unakwenda kupandisha sauti. Tena zina ukinzani wa omu 300, simu nyingi hazina nguvu ya kuziendesha vizuri, na simu nyingine siku hizi hazina hata tundu la waya. Hiyo ni kaske ya chumba chenye utulivu na mashini yake.

Za pili ni zile zilizofungwa. Beyerdynamic DT 770 Pro ni mfano mzuri: gramu kama 270, mito ya kitambaa, inabana kidogo kuliko wengi wanavyopenda, hasa mwenye miwani. Besi yake ni nzito, na kelele ya nje inapungua. Ukinunua, soma alama ya omu kwenye sanduku. Ziko za 32, za 80 na za 250. Ya simu ni ile ya 32. Mwenzetu mmoja alinunua ya 250, akasema ameibiwa kwa sababu haisikiki. Hakuibiwa, hakusoma sanduku.

Ziko pia za ufundi mkubwa kama Audeze LCD-2. Besi yake ni safi ajabu, lakini inapita gramu 500. Wewe uliyebeba kofia ya kazi na taa kutwa nzima, shingo yako itakuambia yenyewe baada ya nusu saa. Sitaongeza neno.

Za mwisho ni zile za kufuta kelele, ambazo vijana wanazipenda kupita zote. Sony WH-1000XM4 ya mwaka 2020 ina gramu 254, na betri yake inakaa karibu saa 30. Mikrofoni ndogo inasikiliza kelele ya nje, na kaske inatoa sauti iliyo kinyume chake, zikutane zizimane. Wazo la kaske kama hiyo alilipata Amar Bose ndani ya ndege mwaka 1978. Mwaka 1986 kaske za majaribio zilivaliwa na marubani wawili wa ndege Voyager, walioizunguka dunia bila kutua, na mwaka 1989 kampuni yake ilianza kuwauzia marubani. Kwa muziki, sauti ya hizi haifikii zile za wazi. Ngozi yake ya bandia inatoa jasho, na kwa unyevu wetu inabanduka mapema. Pamoja na hayo, kwa mtu anayeishi karibu na grupu, mimi nitamwambia achukue hii. Grupu linanguruma kwa sauti nzito isiyobadilika, na hiyo ndiyo kelele ambayo kaske hii inaifuta vizuri. Mwenyewe utaona: namba ya sauti uliyoizoea itashuka bila kupoteza wimbo.

Huo ndio mtihani ninaokushauri ufanye kabla ya kutoa dola zako. Sikiliza wimbo mmoja mahali pa utulivu, uangalie namba ya sauti kwenye simu. Sogea karibu na grupu, usikilize wimbo ule ule. Kaske iliyokulazimisha kupandisha sana haikufai, hata kama ni ya dola 400. Jambo lingine: kama mto wa kaske haukai sawa kwenye kichwa, kwa sababu ya nywele zilizosukwa au mkono wa miwani, besi inatorokea pale, nawe utapandisha sauti kuitafuta. Ni vivyo hivyo kwa ekutere ndogo za kuingiza sikioni. Jaribu vipira vyote vilivyomo sandukuni mpaka upate kinachoziba vizuri. Wala usiazime ekutere ya mtu. Nimeona masikio ya usaha ya kutosha katika nyumba ambamo watoto wanne wanatumia moja.

Sasa hesabu, nayo si ngumu. Kelele inapimwa kwa desibeli. Kazini, kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Ukifika 100 umebaki na dakika 15. Mashini ya kutoboa mwamba inapita 110. Kaske au ekutere kwenye simu iliyopandishwa mpaka mwisho inaweza kupita 100. Kwa muziki, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto 75. Mama, simu nyingi zina mahali pa kuweka kikomo cha sauti. Kiweke wewe, kabla mtoto hajajua mahali kilipo.

Ona basi hali ya mtu anayefanya kazi penye mashini ya kuvunja mawe. Posho yake ya kelele imekwisha kabla hajarudi nyumbani. Jioni sikio linatafuta mapumziko, yeye anavaa ekutere, analala nazo mpaka asubuhi. Vile vinywele vilivyokuwa vinajaribu kusimama vinalazwa tena.

Nakuja kwa jambo ambalo lilinifanya nichukue kalamu. Wako wenzetu wanaoficha ekutere chini ya kinga ya masikio, au wanavaa kaske ya kufuta kelele kazini wakidhani ni kinga bora kwa sababu ni ya bei. Si kinga. Haikupimwa kwa kazi hiyo. Inafuta mngurumo, haifuti mlio mkali wa nyundo wala wa mwamba unaotobolewa, na ule ndio unaoua vinywele. Halafu muziki unajiongeza juu yake, nawe husikii lori linaporudi nyuma wala mwenzako anapoita. Kaske za marubani zilizo kinga zilitengenezwa na kupimwa kama kinga. Ya muziki ni ya muziki.

Najua kwa nini kinga ya kazi inachukiwa. Inabana, inatoa jasho, mto wake unakuwa mgumu. Basi hapa ndipo kile tulichojifunza kwa kaske za muziki kinatusaidia: kinga isiyokaa vizuri inavuliwa. Ukiivua dakika 48 tu kati ya saa 8 penye kelele, kinga iliyoandikwa desibeli 30 haiwezi kukupa zaidi ya desibeli 10 kwa siku hiyo yote. Kwa hiyo mto uliokauka au kupasuka usiuvumilie, udai mwingine kwa shefu wako. Kama miwani inaiachisha kinga na kichwa, omba vizibo vya sponji.

Kizibo kina namna yake. Nawa mikono. Kisokote mpaka kiwe chembamba kama kijiti. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma, ukiingize, ukishike kwa kidole mpaka kijae. Ukiona kimebaki nje kama uyoga, hakijaingia. Penye kutoboa mwamba vaa vyote viwili, kizibo na kinga juu yake, lakini usitegemee namba zake kujumlishwa. Kinachoongezeka ni kama desibeli 5.

Ukisikia mlio masikioni baada ya kazi, au watoto wakilalamika kwamba redio yako iko juu mno, njoo upimwe. Njoo asubuhi kabla ya kuingia kazini, ukiwa umekaa saa 14 mbali na kelele, ya mashini na ya muziki pia, kwa maana sikio lililochoka linatupa kipimo cha uongo. Kaske iache nyumbani tangu jioni ya kuamkia siku hiyo.