Kufunga Pikipiki Juu ya Tela: Somo la Nguvu kwa Darasa la Tano

Pikipiki ikiharibika Paje na fundi yuko mjini, huchukuliwa kwa tela. Pengine hufungwa kwa kamba moja tu, kisha mtoto hupandishwa ili aishikilie. Mtoto huyo ni mwanafunzi wetu. Pikipiki nyingi zina uzito wa kilo 100 au zaidi. Ikianza kuanguka, mikono ya mtoto haitaizuia. Kwa sababu hiyo somo hili lina faida kuliko kufaulu mtihani peke yake.

Kanuni yake ilielezwa na Newton mwaka 1687: kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo wake mpaka kizuiwe na nguvu nyingine. Dereva akifunga breki, tela hupunguza mwendo, lakini pikipiki hutaka kuendelea mbele. Tela likikata kona, pikipiki huelemea upande wa nje. Hapana budi basi izuiwe pande zote.

Vifaa: ubao bapa, kipande chembamba cha mbao, misumari minane, uzi wa usumba na kipande cha ndara kuukuu. Pigilia misumari minne kwenye pembe za ubao, na minne kwenye kipande, miwili kila ubavu.

Hatua za somo:

1. Simamisha kipande juu ya ubao bila ya uzi. Vuta ubao ghafla kwa ubavu. Waulize wanafunzi kimeangukia wapi na kwa nini. Usiharakishe kuwajibia.

2. Funga uzi ubavu mmoja tu, ukaze. Wataona kipande kinaangukia upande wa uzi.

3. Funga nyuzi nne. Mbili za mbele zivute chini, mbele na nje. Mbili za nyuma zivute chini, nyuma na nje. Vuta ubao tena.

4. Weka ndara chini ya kipande, kibonyeze, kisha kaza nyuzi. Ndara ni mfano wa springi: uzi ukilegea kidogo, ndara hukisukuma kipande juu na uzi hubaki umekaza.

Sasa wahamishe kwenye pikipiki yenyewe. Gurudumu la mbele liegemezwe ubao wa mbele wa tela. Kamba za mbele zifungwe kwenye uma, springi zishuke kiasi; za nyuma zifungwe kwenye fremu. Stendi ikunjwe, na bomba la petroli lifungwe. Dereva asimame baada ya mwendo mfupi akaze tena, kabla ya kufikia matuta ya Jozani, yaliyowekwa ili kima punju wasigongwe.

Mwisho, kila mwanafunzi achore pikipiki na mishale minne ya nguvu, kisha ajibu kwa mdomo: kwa nini mtu asipande juu ya tela kushikilia mzigo? Akiweza kueleza sababu kwa maneno yake, somo limefika.