Mashine pepe isiyoonekana kwenye orodha (Sehemu ya tatu)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi seva moja ya Linux yenye KVM inavyobeba mashine pepe kadhaa: moja ya hesabu, moja ya faili za wagonjwa, nyingine ya barua pepe. Leo tunaingia kwenye tatizo ambalo mafundi wa Goma hukutana nalo mara nyingi kuliko wenzao wa miji yenye umeme wa uhakika. Umeme umekatika katika mtaa wa Ndosho, betri za akiba zimeisha, seva imezimika ghafla. Umeme unarudi, programu ya usimamizi inafunguka, lakini mashine pepe moja haimo kwenye orodha.

Naanza na katazo. Usiunde mashine nyingine mahali pake, wala usiiwashe kwenye seva ya pili kwa kutumia diski ileile. Programu ya usimamizi haihifadhi mashine ndani yake. Huziuliza seva, kisha huonyesha majibu. Jibu lisipofika, orodha hupungua, ilhali mashine yenyewe pengine inaendelea na kazi. Ukiiwasha mara ya pili kwingine, mbili zitaandika kwenye diski moja bila kujuana, na mafaili yataharibika kiasi cha kutorekebishika. Katika mtaa ambao hospitali yake, CBCA Ndosho, imekuwa ikipokea majeruhi wa vita kwa miaka mingi, sihitaji kueleza maana ya faili ya mgonjwa kupotea.

Basi achana na skrini ya programu, iulize seva yenyewe. Ingia kama msimamizi, andika virsh list --all. Ukiacha hiyo --all utaona mashine zilizowaka tu, na baada ya kukatika umeme nyingi huwa zimelala kwa sababu hakuna aliyeziagiza zijiwashe. Agizo hilo hutolewa mara moja tu, kwa virsh autostart.

Ikiwa bado haipo, chunguza iliundwa na nani. Libvirt, programu ambayo amri za virsh huzungumza nayo, hutenga mashine za mfumo mzima, qemu:///system, na mashine za mtumiaji mmoja, qemu:///session. Fundi aliyeiunda akiwa ameingia kwa jina lake la kawaida ameifungia chumbani mwake, na msimamizi akipita ukumbini haioni. Ingia kwa jina lilelile, uliza tena.

Kuna hali ya tatu, na hii ndiyo huwatisha watu zaidi. Mashine iliyoanzishwa kwa virsh create haina maelezo ya kudumu. Ikizimika, seva inaisahau kabisa. Lakini diski yake haijaenda popote. Kwa kawaida utaikuta /var/lib/libvirt/images. Andika maelezo mapya yanayoelekeza kwenye diski hiyo ya zamani, uyasajili kwa virsh define, na data zote zitakuwepo.

Seva ikiiona mashine lakini programu haiioni, tatizo liko njiani kati yao. Vitabu vingi hukutuma kwanza kwenye ukuta wa moto na poti: 22 kwa SSH, 16514 kwa TLS. Ni kweli zikaguliwe. Kwa Goma, hata hivyo, mimi huanza na saa. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao wa seva ikifa, kila umeme unapokatika tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Cheti cha usalama kilichotolewa mwaka jana kinaonekana hakijaanza kutumika, na mazungumzo yanakataliwa. Intaneti ingerekebisha saa, lakini mara nyingi nayo imekatika. Mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoharibu nyaya, mji ulikaa siku kadhaa bila umeme. Baada ya kukatika kwa namna hiyo, andika date kabla ya amri nyingine yoyote. Betri ibadilishwe, na kompyuta moja ya ndani yenye chrony ipewe kazi ya kuzigawia nyingine saa.

Kisha anwani. Seva inayopata anwani ya IP kwa DHCP inaweza kuamka na nyingine, na programu ikabaki kubisha kwenye ile ya zamani. Ipe anwani isiyobadilika. Mashine pepe zilizo kwenye mtandao wa kawaida wa libvirt, 192.168.122.0/24, zimefichwa nyuma ya NAT; programu inayosaka kwa kupitia anwani za ofisi haitazifikia mpaka uzitengenezee daraja. Na ikiwa jina linaonekana lakini safu ya IP ni tupu, sakinisha qemu-guest-agent ndani ya mashine hiyo.

Limebaki suala la nakala: mashine mbili zilizotokana na moja, zenye machine-id ileile, ambazo baadhi ya programu huzihesabu kuwa moja. Hilo ni refu, tutalichukua katika sehemu ya nne.