Fundo la Manjano

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na makao yake yakawa Bariadi, ni nchi ya pamba na mifugo. Nami nikitaka kueleza siri ya mimba katika nchi ya namna hiyo, naona heri nianzie machinjioni kuliko zahanati. Ng'ombe mwenye mimba akichinjwa, kisha mtu akaipasua ovari, yaani kifuko cha mayai kilicho kando ya mji wa mimba, aghalabu atakuta humo fundo la manjano iliyokoza, ukubwa wake kama zabibu nene, ambalo hutupiwa mbwa bila ya kutazamwa mara mbili.

Fundo hilo, linalojengeka pale pale yai lilipochomoka, ndilo kiwanda cha projesteroni, homoni inayotuliza misuli ya mji wa mimba isijikaze, ikaunenepesha utando wake wa ndani ili mimba changa ipate pa kujishikiza, na ute wa mlango wa kizazi ikaufanya mzito. Mwaka 1929, huko Rochester, Marekani, George Corner na mwanafunzi wake Willard Allen waliwaondolea sungura wenye mimba ovari zenye mafundo hayo, mimba zikaharibika. Walipowadunga dawa iliyokamuliwa katika mafundo ya nguruwe, zikadumu. Miaka 5 baadaye Adolf Butenandt, Mjerumani, alihitaji ovari za nguruwe wapatao 50,000 ili apate takriban miligramu 20 za homoni safi.

Mbuzi hulitegemea fundo lake tangu mwanzo hata siku ya kuzaa, kiasi cha siku 150. Mwanamke sivyo: ikikaribia wiki ya 8 kondo la nyuma huanza kuitengeneza homoni lenyewe, na fundo likaachishwa kazi. Lau likiondolewa kabla ya makabidhiano hayo, mimba hutoka.

Hapo ndipo wengi hukata shauri kwa haraka, wakadhani kila mimba inayotoka imekosa projesteroni, ilhali takriban nusu ya zinazotoka mapema zina hitilafu ya kromosomu tangu siku ya kutungwa, na homoni hupungua kwa sababu mimba imekwisha kufifia. (Mama mkwe anayenong'ona kwamba mkaza mwana ndiye aliyejitakia, kwa kujitwika gunia la pamba, na azingatie hayo.)

Projesteroni kama dawa ilipimwa Uingereza kwa wanawake 4,153 waliotokwa na damu katika miezi ya mwanzo, na matokeo yakatolewa mwaka 2019: waliotumia miligramu 400 mara mbili kwa siku walijifungua watoto hai 75 katika kila 100, na waliopewa dawa bandia 72, tofauti ndogo mno isiyoweza kutegemewa. Walakini miongoni mwa wale waliokwisha kupoteza mimba 3 au zaidi, walioitumia walijifungua watoto hai 72 katika kila 100, na wasioitumia 57.