Pale Kipimo cha pH Kinapokoma

Kijana wa sekondari akirejea nyumbani na kuuliza tindikali kali kuliko zote hupimwaje, wengi wetu tutamjibu upesi: kwa pH. Jibu hilo ni sahihi kwa ndimu, ambayo pH yake ni takriban 2. Kwa tindikali kali mno halifai, na ni haki yake aelezwe kwa nini.

Mkemia Søren Sørensen wa Denmark alikitunga kipimo cha pH mwaka 1909, naye alikusudia vimiminika vyenye maji mengi. Humo huangaliwa wingi wa ioni za haidrojeni. Asidi ya salfuriki safi haina maji hayo, basi hesabu hukosa pa kusimama. Nayo karatasi ya rangi ikichovywa humo huungua tu.

Mwaka 1932, Louis Hammett na Alden Deyrup wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliligeuza swali. Badala ya kuuliza ioni ni ngapi, waliuliza tindikali ina nguvu gani ya kukibebesha protoni kitu kisichotaka kuibeba. Shahidi wao alikuwa nitroanilini, dawa ya rangi ya manjano ambayo ikibebeshwa protoni hupoteza umanjano wake. Rangi iliyobaki hupimwa. Ikiwa imebaki nusu, ukali wa tindikali ni sawa na namba ya dawa yenyewe, ambayo hapa ni 1 hivi.

Rangi ikiisha yote, shahidi huyo hana la kusema tena. Huitwa mkaidi zaidi, dinitroanilini, afikaye kama -4.5, kisha trinitroanilini, kama -10. Uzuri wa kazi hii, kwa maoni yangu, uko kwenye makutano: kila dawa mpya hulinganishwa na iliyotangulia katika tindikali ambayo zote mbili bado zina rangi. Kiungo kimoja kikikosewa, namba zote zinazofuata hupotoka.

Kwa njia hiyo asidi ya salfuriki safi ilipata takriban -12, na kila hatua moja ni mara 10. Zinazoipita huitwa asidi kuu. Asidi ya floroantimoni hushuka chini ya -20. Chupa ya kioo haiifai, kwani hukila kioo. Huwekwa katika chombo cha Tefloni.