Kuhesabu Samaki wa Ziwa ni Jambo la Mfanyakazi



Wenzetu wa viwanda vya samaki hutuuliza mara kwa mara: wale wataalamu wa Jinja wanaopima samaki, kazi yao yatufaa nini sisi? Swali ni la haki, nasi twalijibu hapa.

Ziwa Victoria ni la Uganda, Kenya na Tanzania, na samaki hajui mpaka. Mnamo 1927 na 1928 mtaalamu kutoka Uingereza, Michael Graham, alilichunguza ziwa lote. Aliona nyavu zinamaliza ngege, akashauri jicho la wavu lisipungue inchi 5. Tena alionya kwamba ni hatari kuleta samaki mkubwa alaye wenzake kabla ya utafiti wa kutosha. Mwaka 1947 utafiti ulipata kituo chake Jinja. Lakini katika miaka ya 1950 sheria ya inchi 5 ilianza kuondolewa, na mputa, ambaye Watanzania humwita sangara, akatiwa ziwani. Ngege karibu akatoweka, na aina nyingi za nkejje zikaisha. Mputa alileta viwanda na ajira, hatukatai. Basi sasa ajira hiyo yategemea samaki mmoja.

Utafiti hufanywa hivi. Kwanza, meli hupeleka sauti chini ya maji. Sauti ikimgonga samaki hurudi, na kwa mwangwi huo wataalamu hukadiria wingi na ukubwa wa samaki. Pili, tangu mwaka 2000 nchi zote tatu zimekuwa zikihesabu mitumbwi, nyavu na wavuvi. Tatu, samaki hupimwa mialoni wanaposhushwa.

Katika vipimo hivyo ilijulikana kwamba mputa jike huchelewa kuzaa. Ndiyo sababu nchi hizo zilikubaliana kiwanda kisipokee mputa aliye chini ya sentimita 50, wala aliyezidi 85: mdogo akue, na mkubwa azae.

Sasa tutazame upande wetu. Samaki wakipungua, mwenye kiwanda bado hulipa umeme na barafu. Wa kwanza kuambiwa abaki nyumbani ni kibarua. Mwaka 1999, soko la Ulaya lilipofungiwa samaki wetu kwa hofu ya sumu, viwanda vingine vilifungwa na vingine vikapunguza watu. Soko lilifunguliwa tena. Lakini ziwa likiisha samaki, nani atalifungua?

Nanyi wenzetu wa mashamba ya chai na miwa, jambo hili ni lenu pia. Mukene ndiye kitoweo cha mwenye mshahara mdogo, na mukene huyo huyo hununuliwa kufanya chakula cha kuku. Akipungua, bei itapanda mezani kwenu.

Mwaka 2017 Serikali ilipeleka wanajeshi ziwani, na wavuvi wengi walichomewa mitumbwi na nyavu. Sisi twasema sheria isimwangukie mvuvi peke yake. Samaki mchanga havuliwi bila mnunuzi.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lifanye mambo mawili. Katika mkutano na mwajiri, wajumbe waulize: samaki wanaopokelewa mlangoni wanapimwa, na nani huandika vipimo? Pili, mfanyakazi anayekataa kukata samaki mchanga asiachwe peke yake. Aripoti kwa mjumbe wake siku hiyo hiyo, na tawi lisimame naye.