Abdilatif na Kezilahabi: Nani Kashika, Nani Kashikwa?

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote tofauti kati ya Abdilatif Abdalla na Euphrase Kezilahabi, atakujibu kabla hujameza mate: mmoja hufuata arudhi, mwingine huandika mashairi huru. Basi, kwisha. Jibu hilo ni sahihi na mtihanini litakupa alama, lakini mimi naona linatuacha mlangoni. Vina na mizani hutueleza shairi limevaaje, si linasema nini. Kwa hivyo nataka niwalinganishe malenga hawa katika jambo moja tu ambalo wote wawili wameliimba, nalo ni dhamiri: ile sauti ya ndani inayomkataza mtu kusema uongo hata pale ambapo uongo una mlo.

Kwanza tuwafahamu. Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? akiikosoa serikali ya wakati huo. Waraka huo ulimpeleka gerezani miaka 3. Huko ndani alitunga mashairi kwa siri, akayaandika kwenye karatasi za chooni. Ndiyo, karatasi za chooni! Yalitolewa kitabu mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ajabu ni kwamba mwaka 1974 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga mtunzi.

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 huko Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Tanzania, na alifariki mwaka 2020. Diwani yake ya kwanza, Kichomi, ilitoka mwaka 1974. Yeye hakutupwa jela kwa ajili ya maandishi yake, lakini msidhani alilala usingizi mnono. Riwaya yake Rosa Mistika ilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na alipoacha vina alirushiwa maneno makali na walioona kwamba ati hayo si mashairi.

Sasa tuingie ndani. Katika Sauti ya Dhiki kuna shairi liitwalo "Siwati". Kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kuwata ni kuacha. Basi mtunzi anasema haachi. Haachi nini? Jibu liko katika jina la shairi lake lingine, "N'shishiyelo ni Lilo", yaani lile nililolishika ndilo hilohilo. Hebu tazama kitenzi hicho: kushika. Mtu amefungiwa, mlango si wake, muda si wake, hata karatasi si yake, lakini katika mashairi haya yeye ndiye mwenye mikono. Yeye ndiye anayeshika. Na arudhi, ambayo wengine wetu huiona kama pingu, kwake naiona kuwa ni nguzo, maana vina vinavyorudi humsaidia mtu kukumbuka pale ambapo hana mahali pa kuweka maandishi.

Kezilahabi anaigeuza picha hiyo. Katika shairi "Dhamiri Yangu", lililomo katika Kichomi, mshairi anajiona kama mbuzi aliyefungwa kamba shingoni, na kilichomfunga si askari bali ni dhamiri yake mwenyewe. Malisho ya karibu yamekwisha. Ng'ambo kuna majani tele anayaona kwa macho, ila kamba haifiki. Hapa kitenzi ni kufungwa. Dhamiri ndiyo inayomshika mtu, wala mtu hafurahi, analalamika wazi. Mstari huru unamfaa: anasema kama anavyosema mtu aliyechoka, bila kujipamba.

Tulipoyajadili haya chamani, wenzangu wengi walimpa Abdilatif ushindi. Yule ni shujaa, walisema, lakini huyu wa mbuzi ni mwoga anayenung'unika. Mimi sikukubali, na hata leo sikubali. Wengi wetu hatutapata kufungwa kwa sababu ya waraka. Sisi majaribu yetu ni majani. Mtu anakunong'oneza nyuma ya bweni kwamba mtihani umevuja, karatasi ipo, changa pesa kidogo tu uione. Saa hiyo hakuna askari wa kumkaidi wala umati wa kukupigia makofi. Ni wewe, njaa yako na kamba. Anayekataa huku akitamani si lazima awe mdogo kuliko anayekataa kwa sauti kuu.

Hata hivyo kuna jambo wanalokubaliana, nalo linanipendeza: katika mashairi haya hakuna anayetuahidi kwamba dhamiri italipa. Abdilatif anashikilia bila kujua atalipata nini, na mbuzi wa Kezilahabi habadilishiwi malisho.

Mlezi wa chama chetu ananipinga. Anasema mbuzi yule amebaki pale kwa sababu hana njia, na kwamba kamba ingekatika tungemwona mbio shambani kwa watu. Inawezekana. Lakini Mwalimu, kwa heshima zote, sisi tuliolelewa na mbuzi nyumbani tunajua hutafuna nguo, hutafuna karatasi, hutafuna hata hiyo kamba yenyewe. Mbona huyu hajaitafuna?